Taa Nyekundu ya Mgongo wa Chura

Selemani: Shikamooni wakubwa zangu wote. Ninaomba ushauri kuhusu ile Volkswagen mgongo wa chura ya mwaka 1969. Jana jioni, nilipokuwa nikitoka Pongwe kurudi Tanga mjini, taa nyekundu ya chaji iliwaka ghafla na haikuzimika hata nilipokanyaga mafuta. Nilisimama pembeni, nikazima injini na kufungua nyuma, nikakuta mkanda upo mahali pake. Kwa kuwa tulikubaliana kwamba bibi harusi atapelekwa Muheza kwa gari hili, ningependa kujua nianzie wapi, maana mafundi wa mtaani wananiambia ning'oe dinamo, kile kifaa cha zamani cha kuzalisha umeme wa gari, nifunge alteneta, ambayo ni ya kisasa.

Baba Mkubwa: Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuzima injini kabla ya jambo lolote. Katika magari mengine taa ile ikiwaka unaweza kujikongoja hadi nyumbani kwa umeme uliobaki kwenye betri, lakini injini hii haina maji wala rejeta, na mhimili wa dinamo ndio huohuo unaobeba feni ya kupoza silinda, kwa hiyo mkanda ukikatika, chaji na upepo hukoma kwa pamoja, na ukiendelea kuendesha utaua injini. Sasa tujue kwanza: ukiubonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili, unaingia kiasi gani?

Selemani: Unaingia kama sentimita moja na nusu, Baba Mkubwa, wala haujapasuka.

Baba Mkubwa: Basi mkanda hauna kosa, na hizo washa, yaani vipete vyembamba vya chuma, zilizo katikati ya vipande viwili vya puli usiziguse. Wengi hukimbilia kuzipunguza ili mkanda ukaze, nao ukikaza kupita kiasi hula beringi za dinamo.

Mjomba Idi: Assalaam alaykum. Mimi ninaunga mkono alteneta. Nilipokuwa na gari la aina hii Dar es Salaam, kila nikikwama kwenye foleni usiku taa za mbele zilififia kama kibatari, kwa sababu dinamo haitoi umeme wa maana injini ikiwa katika sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Alteneta inachaji hata gari likiwa limesimama, na kijana akipita kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, hatakosa inayofaa.

Baba Mkubwa: Wa alaykum salaam, Idi. Hoja yako kuhusu foleni ni ya kweli na siipingi. Hata hivyo, kutoka Tanga hadi Muheza hakuna foleni ya kutisha, na harusi ni ya mchana. Zaidi ya hayo, mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki kwa Volkswagen kama hii, na magari ya miaka ile yalikuwa na dinamo ya volti 6 tu, ilhali hii yetu ni ya volti 12. Kinachonikera ni desturi ya kubadilisha kifaa ambacho hakuna aliyekipima. Je, kama hitilafu iko kwenye waya au kwenye katauti, kile kifaa kinachodhibiti chaji, hiyo alteneta itasaidia nini?

Rehema: Shikamooni. Naomba niongeze jambo kutoka darasani, kwa kuwa taa hiyo yenyewe ni kipimo. Upande wake mmoja unapokea umeme wa betri kupitia swichi, na upande wa pili umeunganishwa na dinamo. Dinamo ikianza kuzalisha, pande zote mbili zinalingana na taa inazimika. Kwa hiyo, kaka Selemani, ikiwa inawaka kwa nguvu hata injini ikikimbia, dinamo haizalishi au umeme wake haufiki. Ingekuwa inang'aa kwa mbali tu, ningeshuku kiungo kilicholegea au kutu kwenye waya.

Selemani: Inawaka kwa nguvu kabisa, Rehema.

Rehema: Basi ipime dinamo peke yake. Ondoa kwanza waya hasi wa betri, kisha ondoa waya mbili za dinamo kwenye ncha zilizoandikwa D+ na DF, na uzitie alama ili zisibadilishane. Vua mkanda. Kwa kipande cha waya unganisha DF na bodi ya dinamo, halafu urudishe waya hasi wa betri na kupeleka umeme wa betri kwenye D+ kwa muda mfupi. Dinamo iliyo nzima itazunguka yenyewe kama mota. Isipozunguka, hitilafu iko ndani yake, na katauti haina lawama kwa sasa.

Shangazi Zuhura: Mimi umeme wenu siuelewi, ila ninauliza jambo moja. Sikukuu iliyopita nilikaa kiti cha nyuma nikasikia harufu ya petroli njia nzima. Je, bibi harusi naye atafika Muheza akinuka petroli?

Baba Mkubwa: Zuhura, hilo lilistahili kusemwa siku ileile. Selemani, mipira yote ya petroli ibadilishwe, ule wa karibu na giaboksi na ile ya kwenye injini, kwa sababu ikizeeka hupasuka, na katika injini hii petroli hudondokea distribyuta, mahali penye cheche. Kikague pia kile kibomba kidogo cha shaba nyeupe kinachoingiza petroli kwenye kabureta. Kikichezacheza kwa mkono, gari lisitoke uani. Halafu inua kiti cha nyuma utazame betri. Springi za kiti zikigusa vichwa vya betri pale mtu mzito anapokaa, nyuzi zilizojazwa kitini hushika moto. Kifuniko cha betri kisipokuwepo, tafuta kipande kinene cha mpira ukifunge imara.

Shangazi Zuhura: Mtu mzito ni nani hapo?

Mjomba Idi: Hajatajwa mtu, dada yangu.

Selemani: Nimerudi kutoka uani. Nimefanya kama Rehema alivyoelekeza na dinamo haikujongea. Nikapitisha bisibisi ya mpini wa mbao kwenye kidirisha cha dinamo, nikaibonyeza brashi ya juu, kile kipande cha kaboni kinachogusa shaba inayozunguka, na dinamo ikazunguka papo hapo, nilipoiachia, ikasimama. Brashi imekwisha kiasi kwamba imezama ndani ya kishikizo chake, na springi inakandamiza waya wa brashi badala ya brashi yenyewe. Ya chini nimeitazama kwa kioo cha kunyolea, maana haionekani kwa macho, nayo iko vivyo hivyo.

Baba Mkubwa: Ndilo nililokuwa nikilitarajia. Nunua jozi mpya, na kabla ya kuzifunga safisha ile shaba inayozunguka kwa msasa laini wa mbao. Usitumie msasa wa chuma, kwa kuwa punje zake zinapitisha umeme na zikibaki katikati ya vipande vya shaba huleta shoti. Hakikisha kila brashi inateleza katika nafasi yake bila kukwama.

Mjomba Idi: Na brashi hizo ni bei gani ukilinganisha na alteneta?

Selemani: Kwa bei niliyoambiwa dukani, Mjomba, hazifikii hata nauli yangu ya kwenda na kurudi Gerezani.

Mjomba Idi: Basi nimenyamaza, ila baada ya harusi mazungumzo ya alteneta yataendelea.

Selemani: Wakubwa zangu, kazi imekamilika. Injini ikiwa imezimwa betri inasoma volti 12.5, nikiongeza mafuta inapanda hadi 13.9, na nikiwasha taa za mbele inabaki 13.4. Taa nyekundu inazimika mara injini inapovuka sailensa. Mipira ya petroli nimeibadilisha yote na kuifunga kwa vibano vipya, kile kibomba cha kabureta hakichezi, na betri imefunikwa.

Rehema: Vipimo hivyo vinaridhisha kabisa, na vinaonyesha kwamba katauti nayo inafanya kazi yake.

Baba Mkubwa: Vizuri sana. Kesho asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, pima nafasi za valvu kwa milimita 0.15, kwa sababu hatujui fundi wa mwisho aliziacha vipi. Beba mkanda wa akiba pamoja na spana ya plagi, ambayo ndiyo hiyohiyo ya namba 21 inayofungua nati ya puli ya dinamo. Unapoifungua, chomeka bisibisi kwenye pengo la puli ya ndani na uiegemeze kwenye bolti ya juu ya dinamo, vinginevyo puli itazunguka na nati haitalegea.

Shangazi Zuhura: Mkanda huo na spana zenu viwekwe kwenye mfuko wake, kwa maana buti ya mbele nimekwisha kuiahidi kwa sanduku la bibi harusi, na sitaki grisi kwenye shela.