Mdogo wangu ametoka chanya 1:160 kwenye kipimo cha damu cha ANA. Ndiyo lupasi, ule ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe?

MamaJunior_Mza: Habari zenu wakuu. Mdogo wangu ana miaka 24. Tangu mwaka jana vidole vinamkakamaa asubuhi, nywele zinanyonyoka, na mashavuni ameota weusi unaozidi akipigwa na jua. Majibu yameandikwa: ANA kwa imunofluoresensi, seli za HEp-2, chanya 1:160, madoadoa. Ndugu wameshasema ni lupasi na haina dawa, binti hata chakula hali vizuri. Naombeni ushauri.

MtuWaMaabara: Pole sana dada. Nafanya kipimo hiki, ngoja nikueleze. Majimaji ya damu huzimuliwa, yakawekwa juu ya seli hizo za HEp-2, zinazokuzwa maabara. Kama yana kingamwili zinazoshambulia kiini cha seli, ndizo ANA, zinaganda pale. Tunaongeza rangi inayonata kwenye kingamwili, kisha kwenye hadubini maalumu viini vinawaka kijani; hiyo ndiyo imunofluoresensi. 1:160 maana yake damu ilizimuliwa mara 160 na bado inawaka. Lakini watu wazima wenye afya njema, takriban 5 kati ya 100, hutoka chanya kwa kiwango hichohicho. Kwa hiyo karatasi hiyo peke yake haimpi mtu lupasi.

Kipepeo_Dsm: Nami naishi na lupasi. Shoga, mwambie asikate tamaa, dawa za kuituliza zipo na wengi tunafanya kazi na kulea. Ila dalili ulizotaja usizipuuze. Mkojo wake umepimwa protini?

MamaJunior_Mza: Hapana, hakuna aliyesema habari za mkojo. Ila miguu inamvimba jioni.

Kipepeo_Dsm: Basi hilo ndilo la haraka kuliko yote! Lupasi huweza kula figo kimyakimya. Mkojo, kreatinini (kipimo cha damu cha figo) na presha, wiki hii hii.

Babu_Kagera: Si arudie ANA hospitali nyingine kwanza kuhakikisha?

MtuWaMaabara: Hapana mzee wangu, ni kupoteza hela. ANA haipandi na kushuka kufuata ugonjwa. Kinachofuata ni kujua kingamwili yenyewe ni ipi: anti-dsDNA na anti-Sm zinaelekeza kwenye lupasi, anti-Ro mara nyingi kwenye Sjögren (ugonjwa wa macho na mdomo kukauka) au lupasi. Mwako wa madoadoa hautofautishi magonjwa haya. Kama ungekuwa wa sentromea (sehemu ya kromosomu), tungefikiria skleroderma, ugonjwa wa ngozi kukakamaa. Waombe pia C3 na C4, protini za kinga kwenye damu; zikishuka pamoja na anti-dsDNA kupanda ni dalili mbaya. Dada, amewahi kutumia dawa za TB? Isoniazidi inaweza kuleta ANA chanya.

MamaJunior_Mza: Hajawahi. Na daktari wa ngozi anataka kukata kinyama shavuni, nikubali?

MtuWaMaabara: Akikata, muulize kama kipande kimoja kitapimwa kwa imunofluoresensi. Hicho kisitiwe kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhia vinyama, inaharibu kabisa. Kina majimaji yake maalumu ya kusafirishia. Nimeona vipande vingi vikifika vimeshaharibika, na mgonjwa kakatwa bure. Inaniuma kila mara.

MamaJunior_Mza: Asanteni sana, Mungu awabariki. Kesho naenda naye. Afunge kula?

Kipepeo_Dsm: Asifunge kwa vipimo hivi. Mkojo wa kwanza wa asubuhi, kwenye kopo safi, na umwombe daktari awaelekeze kwa bingwa wa maungio. Jua kali akwepe, avae kofia.