Elektrodi ya floridi inasoma chini mno kwenye dawa ya meno

Meru_Lab: Wakuu, salaam kutoka Arusha. Dawa ya meno imeandikwa floridi 1450 mg/kg. Nakoroga gramu 0.1 kwenye ml 10 za maji, naongeza TISAB (bafa ya kutuliza pH na nguvu ya ioni) kiasi sawa, napima. Napata kama 150 tu. Elektrodi mbovu, au dawa ni feki?

Pipeti: Mkuu, usimtuhumu mtu bado. Soma viambato. Ikiwa ni sodium monofluorophosphate, floridi imefungwa kwenye fosfeti, na fuwele ya lanthanamu floridi iliyo kwenye ncha ya elektrodi huhisi ioni huru pekee. Hizo 150 ni zile zilizokwisha kuachia.

Ivunje kwa asidi. Usichuje wala kuzungusha kwenye sentrifuji, unatafuta jumla. Chukua ml 1 ya mchanganyo ukiwa bado umekorogeka, weka kwenye mrija wa plastiki, ongeza ml 1 ya HCl 2 M. Povu la kalisi kaboneti likitulia, funga, weka nyuzi 45 kwa saa moja. Kisha ml 2 za NaOH 1 M kuua asidi, halafu ml 4 za TISAB. Usiruke NaOH: chini ya pH 5 floridi hugeuka HF (hidrojeni floridi) na elektrodi haiioni. Tena HF hula glasi, ndiyo maana nasisitiza plastiki.

Viwango, yaani myeyusho ya floridi ya kiasi kinachojulikana, vya 2, 4, 8, 16 na 32 mg/L vipitishe njia hiyohiyo, ml 1 kila kimoja. Hapo husumbuki na hesabu za kuzimua: jibu la mg/L zidisha kwa 10, gawa kwa gramu ulizopima. Dawa nzima itakupa karibu 14.5 mg/L kabla ya kuzidisha.

Kibo_Kemia: Naongezea toka Moshi. Kabla ya yote angalia mteremko wa elektrodi: kiasi cha floridi kikipanda mara 10, milivolti zishuke 54 hadi 60. Pungufu ya hapo, safisha fuwele. Kosa la milivolti 1 tu ni kama asilimia 4 ya jibu, kwa hiyo kiputo cha hewa chini ya fuwele, au kikorogeo kinachopasha bika moto, vinatosha kukuharibia. Weka kipande cha sponji chini ya bika.

Na maji! Vyanzo vingi vya miteremko ya Meru vina floridi, vingine vinapita 1.5 mg/L ya WHO. Usikorogee wala kusuuzia maji ya bomba, tumia yaliyotoneshwa, na pima sampuli tupu (isiyo na dawa) kila siku.

Meru_Lab: Ni monofluorophosphate kweli. Na nilikuwa nasuuzia ya bomba. Elektrodi nikimaliza niiweke wapi?

Kibo_Kemia: Kati ya vipimo, kwenye kiwango hafifu chenye TISAB. Ukiiacha siku kadhaa, suuza, kausha taratibu kwa karatasi laini, ifunike.