Tupeane uzoefu: haki za familia za wapiganaji wa Vita vya Kagera

Wakuu, habari za Mwanza. Waliopigana na Uganda ya Idi Amin 1978–79 wanazidi kutuaga, wajane na watoto wamebaki na bahasha za karatasi. Aliyefuatilia pensheni, kiinua mgongo au malipo ya ulemavu aeleze alikwama wapi na alitokaje. Siasa tuziache.

Wa Igoma: Mzee wangu alijeruhiwa Lukaya, huko Uganda, Machi 1979, akarudi na vipande vya bomu pajani. Alistaafu akalipwa pensheni ya kawaida, ila ulemavu haukuandikwa popote kwa sababu hakuwahi kupitishwa bodi ya madaktari. Alipofariki, mama akaambiwa alete cheti cha kifo na barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Kasheshe ikawa majina. Jeshini aliandikishwa kwa jina la ukoo, kitambulisho cha Taifa kina la ubatizo, na cheti cha kifo kikafuata kitambulisho. Karani anakutazama kama umeokota marehemu wa watu! Kilichotuokoa ni karatasi yake ya kuachishwa jeshi, mikunjo imeshatoboka lakini namba ya jeshi inasomeka. Tukala kiapo cha majina kwa wakili, tukaambatanisha. Haki za mirathi zilitoka. Za ulemavu bila bila, maana marehemu hapimwi.

Mama Kirumba: Kwetu bi mdogo alikimbilia mahakama ya mwanzo kimya kimya, na muhtasari wa kikao cha ukoo ambacho hakikukaa. Tukaweka pingamizi, usimamizi ukatenguliwa, hela zikalala huko huko. Wenye mitala, kaeni mapema, wake wote wasaini.

Wa Sengerema: Baba alikuwa mgambo. Vita vilipoisha akarudi kulima pamba. Ana medali ya Kagera tu, namba ya jeshi hana. Kila dirisha naambiwa medali si ajira.

Wa Igoma: @Sengerema, kwa mgambo ni mlima kweli, sikudanganyi. Tafuta aliyekuwa naye kikosi kimoja aape kwa maandishi angali hai. Na vishoka, wale madalali wa mtaani wanaotaka "asilimia" wakufuatilie faili, wakimbie.

Wa Sengerema: Ahsante mkuu. Kiongozi wa kundi lao yupo Ukerewe, kazeeka ila kumbukumbu anazo. Kesho navuka Mwanza nipande meli ya Nansio.