Akisema "nimemsamehe", polisi wafunge faili?

Mleta mada, Mbagala
Wakuu, naomba tujadili bila matusi. Jirani yangu alipigwa na mumewe mpaka jicho likaziba. Akaenda kituoni, akapewa RB (namba ya taarifa yake polisi) na PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), akatibiwa. Wiki haijaisha, wakwe wakamkalisha kikao, akarudi dawati la jinsia la polisi kusema amesamehe. Mume akaachiwa. Mimi nasema polisi wasikubali. Kumpiga mke ni jinai, na kwenye jinai anayeshtaki ni Jamhuri, mke ni shahidi tu. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, imesema wazi kwamba hata mila haimpi mtu haki ya kumchapa mwenzi wake. Sasa huo msamaha unazimaje kesi?

Mama lishe, Tandika
Mume akiwekwa ndani, kodi analipa nani? Mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Mie niliwahi kusamehe, na wala si kwa mapenzi, nilipiga hesabu. Mkianza kutulazimisha, hatutakanyaga kituoni. Mtu atapigwa, ukimuuliza atakwambia kateleza bafuni.

Mzee wa Kigogo
Siku hizi mnakimbilia sana polisi. Kuna wazee, kuna mjumbe, na sheria hiyo hiyo ya ndoa imeweka mabaraza ya usuluhishi. Mbona hali inatengemaa? Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15. Ule wa 2022 ukakuta 27.

Msaidizi wa kisheria, Temeke
Shikamoo mzee. Kushuka ni jambo jema, ila sidhani kama ni kazi ya vikao vya wakwe. Baraza la usuluhishi ni la migogoro ya ndoa, hasa kabla ya kuomba talaka. Jicho lililoziba si kazi yake.

Mleta mada, kisheria una hoja. Sheria ya Ushahidi inaruhusu mke kulazimishwa kutoa ushahidi pale aliyeumizwa ni yeye mwenyewe. Lakini mahakama nayo inaruhusiwa kupatanisha kwenye shambulio dogo. Kwa hiyo tusibishane tu kama msamaha ukubaliwe, tutazame unavyopokelewa. Nimeona mwanamke anaingia na shemeji yake, shemeji ndiye anayeongea, mwanamke anaangalia kanga yake. Askari anaandika maelezo ya nyongeza, anamsomea harakaharaka, mwanamke anasaini. Imetoka hiyo. Hakuna aliyemtoa shemeji nje, hakuna aliyemuuliza leo analala wapi. Mimi ningetaka asikilizwe peke yake, ofisa ustawi wa jamii awepo, na jibu lisichukuliwe siku hiyo hiyo.

Halafu kuna ofisi za mtaa zinazomkabidhi mwanamke barua ya wito ampelekee mume mwenyewe! Hapo mnamrudisha nyumbani na sababu ya kupigwa tena.

Na PF3. Penye kituo cha mkono kwa mkono, kama hospitali ya Amana, daktari, polisi na ustawi wanapatikana sehemu moja. Kwingine anapanda daladala na fomu yake, kituoni, hospitali, kituoni tena, na uvimbe unazidi kushuka. Daktari akijaza mapema, picha zikapigwa, majirani wakaandikisha maelezo, kesi haibaki kutegemea mdomo wa mke peke yake.

Mleta mada, Mbagala
Hilo la kumtoa shemeji nje nalikubali. Ila mama lishe, hofu kwamba watu wataacha kwenda kituoni siikubali. Wengi hawaendi hata sasa, na sababu mojawapo ni kwamba wanajua mwisho wake ni kikao. Mume naye anajua.

Mzee wa Kigogo
Kikao kikiwa na wazee wenye busara hakina ubaya.

Mama lishe, Tandika
Baba, kwenye changu wazee wote walikuwa wa upande wake.

Msaidizi, nijibu hili. Tanzania Bara hatuna sheria mahususi ya ukatili wa majumbani. Sasa kesi ikiwa inaendelea, hakimu anaweza kumwamuru mume akae kwa kaka yake, aendelee na kazi, na hela ya watoto ailete? Maana mimi kwa masharti hayo nisingefuta kesi. Kama inawezekana, inaombwa wapi, na mtu asiye na wakili anaiombaje?