Waliounda spika kwa mikono yao na wapenzi wa amplifaya za valvu, tupeane uzoefu

Kisauti
Wakuu, habari za jioni. Leo nimepita Gerezani nikakuta jamaa anashusha mzigo wa vyuma chakavu, juu ya rundo kuna redio ya mbao, ile ya valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani, vya kabla ya transista. Kitambaa cha mbele kimechanika lakini jicho la kijani, ile taa ya kulengea stesheni, bado lipo. Nimeinunua kwa bei ya chakavu. Nimeipakata kwenye daladala, mzee wa siti ya pembeni akaniuliza, "Hiyo bado inapata moto?" Tangu hapo kichwa hakijatulia. Mliokulia kwenye nyumba zenye redio hizi mnajua: unawasha, kimya, harufu ya vumbi linaloungua, kisha sauti inaanza kwa mbali na kuja.

Najua humu wamo waliochonga maboksi, waliofufua valvu, waliofukuzwa na wenye nyumba kwa ajili ya besi. Semeni: uliunda nini, kwa mbao gani, ilipiga vipi, na siku ipi ilikuwa mbaya kuliko zote.

Mtungi wa Newala
Kwetu spika ya redio ilikaa kwenye mtungi. Mtungi wa maji uliovunjika shingo, spika ya inchi sita imelazwa mdomoni uso juu, waya umepitishwa kwenye ufa. Kaka yangu alikuwa anatia mchanga ndani, anasikiliza, anatoa kidogo, anasikiliza tena, mpaka besi imridhishe. Watu walikuwa wanatoka kijiji cha pili kuja kusikiliza mpira kwetu.

Binti Mikindani
Mchanga! Hata kwetu ilikuwa hivyo hivyo.

Fundi wa Keko
Mtungi ni somo zuri, maana hauna kona na hautetemeki. Boksi la mbao nalo kazi yake ni kunyamaza ili koni, ile karatasi inayotetemeka mbele ya spika, peke yake ndiyo iseme. Kwa woofa (spika ya sauti nzito) ya kawaida ya inchi 8 naanza na boksi ambalo ndani ni sentimita 30 kwa 35 kwa 40, yaani lita 42, MDF (ubao wa unga wa mbao) ya milimita 18, gundi kila kiungo, na ubao wa kukaza katikati kutoka ubavu hadi ubavu.

Kinachoua besi za mtaani ni hewa kuvuja. Nikishabana kila kitu nawasha udi wa kijiti, napiga toni ya hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) kutoka kwenye simu, naupitisha moshi taratibu kwenye viungo vyote. Moshi ukipanda wima, pazima. Ukianza kukatikakatika, hapo pana tundu, hata kama jicho halilioni.

Sasa bomba la besi, lile la kupumulia hewa ya boksi. Shusha toni polepole: 60, 50, 45, 40, huku kidole kimegusa koni kwa wepesi. Kuna mahali utahisi koni inakaribia kusimama kabisa, ilhali hewa mdomoni mwa bomba inapeperusha karatasi. Hiyo ndiyo hezi ya boksi lako. Unataka ishuke, refusha bomba. Ipande, likate. Hakuna kubahatisha. Ndani natia sufi ya mito, kidogo tu, ukutani.

Mninga Tupu
MDF huku pwani? Masika moja tu chini imevimba, skrubu zinang'oka zenyewe. Mimi ni mninga mpaka kaburini. Ni mbao hai, ina sauti.

Fundi wa Keko
Hapo ndipo penye tatizo, kwamba ina sauti. MDF ipake rangi ya mafuta ndani na nje kabla hujafunga woofa, masika itaikuta na kuiacha.

Mninga Tupu
Chombo cha muziki lazima kiimbe. Gambusi mbona linatengenezwa kwa mbao, si kwa unga wa mbao uliogandishwa na gundi?

Fundi wa Keko
Ndugu yangu, gambusi linapiga muziki, spika inarudisha muziki uliokwisha kupigwa. Boksi likiimba, unasikia gambusi la pili ambalo mpigaji hakulipiga.

Mninga Tupu
Njoo Bagamoyo usikilize kwanza ndipo uandike.

Fundi wa Keko
Nitakuja. Na moshi wangu.

Binti Mikindani
Mkimaliza kugombania mbao, tazameni twita zenu, zile spika ndogo za sauti nyembamba. Nyingi zinakuja zimebandikwa kapasita (kifaa cha kutunza chaji, hapa kinazuia besi) ya maikrofaradi 2.2. Kwa twita ya omu 8 hiyo inaanza kupitisha karibu hezi 9,000, na woofa yako imeshachoka zamani kabla ya hapo. Katikati panabaki shimo, na matamshi ya mwimbaji yanapotelea humo. Tia 6.8 isiyo na chanya na hasi, inaanza karibu 2,900. Ila usiipelekee twita ya bei chee, itakufa. Nilibadilisha za kaka yangu mchana, jioni akaniuliza nimenunua spika gani mpya.

Wati Elfu
Kwa heshima zote wakuu, valvu za nini zama hizi? Kuna vibodi vya amplifaya vya daraja D (class D), kama vile vya chipu ya TPA3116. Unavipa volti 24, havipati moto, vinatoa wati 50 kila upande, na bei yake unaacha hela ya nauli na ya chakula. Valvu moja inakupa wati ngapi?

Babu EL84
EL84, valvu ya kutolea sauti, ikiwa peke yake inakupa kama wati 5. Zikiwa mbili kwa kusukumana na kuvutana, 12 hivi. Ukiziunganisha na spika ngumu kusukuma utalia. Lakini mjukuu wangu, wati si sauti. Spika ya desibeli 95 (sauti inayotoa kwa wati moja) ukiipa wati 5 inafikia sawasawa na spika ya desibeli 85 iliyopewa wati 50. Zile redio za kwetu zilikuwa na spika ya koni nyepesi ya karatasi yenye kingo za karatasi hiyo hiyo, ndiyo maana wati chache zilijaza baraza zima.

Na wewe Kisauti, hiyo redio usiichomeke kwanza! Geuza, soma valvu. Zikianza na herufi E, nyuzi zake za kupashia moto ni za volti 6.3 na kwa kawaida kuna transfoma inayoitenga na umeme wa ukutani. Zikianza na U, nyuzi zimeungwa kwa mfululizo na chasisi yenyewe (fremu ya chuma) inaweza kuwa imeungwa moja kwa moja na waya wa umeme. Unagusa skrubu ya kitasa, umegusa umeme wa ukutani. Na kapasita zote za karatasi na nta, badilisha kabla ya kuwasha. Zimeshaanza kuvujisha umeme, na zinaua valvu ya mwisho.

Kisauti
Babu shikamoo. Nimegeuza sasa hivi: ECH, EBF, EL84, na jicho ni EM84.

Babu EL84
Marahaba. Umepata mali.

Mwana Ngamiani
Nilikuwa napita tu, lakini hilo la chasisi limenirudisha mbali.

Kulikuwa na sinema ya zamani hapa Tanga iliyofungwa, jengo likawa ghala. Mlinzi alimwambia rafiki yangu, fundi redio, kwamba nyuma ya pale lilipokuwa pazia kuna mahoni makubwa na kwenye chumba cha mashine kuna makabati ya chuma yenye taa za kioo. Tukaongea na mwenye jengo, akakubali tubebe. Tuliyapakia kwenye guta usiku ili tusisumbuliwe na maswali ya watu.

Rafiki yangu ni mwangalifu. Alifuta vumbi kwa brashi ya rangi, akabadilisha kapasita zilizovimba alizoziona, akawasha kupitia taa ya wati 100 iliyoungwa kwa mfululizo ili kukiwa na shoti taa iwake badala ya transfoma kuungua. Taa ikang'aa, ikafifia. Valvu zikaanza kuona haya, rangi ya machungwa. Tukaunga honi moja, tukatia sauti ya simu. Wakuu, mimi nimesikia muziki maisha yangu yote lakini ile sauti ya mwanamke ilisimama katikati ya chumba. Mama mwenye nyumba alikuja mlangoni akaketi kwenye kizingiti, hakusema kitu.

Tulizima. Rafiki yangu akachomoa plagi mwenyewe, akaishika mkono wa kushoto, nakumbuka vizuri kwa sababu alinionyesha kwamba ameichomoa. Akaingiza mkono wa kulia kukaza waya uliolegea.

Sikusikia mlio mkubwa. Ulikuwa mlio mfupi, kisha yeye hakuwepo pale. Alikuwa ukutani, kiwiko kimepita kwenye kioo cha kabati la vyombo, plagi bado iko mkononi. Macho wazi. Nikamwita jina, hanijibu. Mama akapiga kelele "zimeni umeme", na mimi najua hakuna umeme wa kuzima! Nilimkokota hadi barabarani, bodaboda wawili, mmoja akambeba akiwa katikati yetu mpaka zahanati.

Kulikuwa na kapasita moja kubwa chini ya chasisi ambayo rezista yake ya kutolea chaji ilikuwa imekatika, siku zisizojulikana. Ilijaa volti mia nne na kitu, ikakaa nazo.

Binti Mikindani
Na yeye???

Wati Elfu
Yuko hai? Usituache hapo.

Mwana Ngamiani
Yuko hai, alhamdulillah, na bado ni fundi. Ana alama mbili nyeupe, kwenye dole gumba na kidole cha shahada. Siku hizi akifungua kitu chochote chenye valvu mkono wa kushoto unakaa mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani.

Mninga Tupu
Kwa nini hakushorti kwa bisibisi? Sisi tunagusisha bisibisi, pa! kwisha.

Babu EL84
Usimfundishe mtu hivyo. Kwa volti mia nne bisibisi inayeyuka ncha, cheche zinakurukia machoni, na kapasita inaumia. Chukua rezista ya omu elfu kadhaa, ya wati 5 au 10, ifunge kwenye kijiti kikavu chenye waya uliofunikwa, gusisha mpaka mita isome sifuri. Na kila kapasita kubwa ipewe rezista yake ya kudumu, 220k (omu 220,000) ya wati 2. Kwa kapasita ya maikrofaradi 100 baada ya dakika mbili hivi imebaki na volti chache. Ila usiiamini hata hiyo, pima.

Mninga Tupu
Miaka yote natumia bisibisi na nipo.

Fundi wa Keko
Hata wa Tanga alikuwepo miaka yote mpaka siku ile.

Swaleh Muscat
Assalaam alaykum. Marehemu babangu alikuja Muscat kutoka Unguja na redio yake ya valvu, nguo kidogo, redio kubwa. Hadithi ya Tanga imenifanya niende stoo kuitazama. Nyuma imeandikwa kwa penseli tarehe aliyobadilisha valvu, kwa mwandiko wake. Sitaifungua mwenyewe.

Wati Elfu
Mwana Ngamiani, mahoni yapo? Mnauza?

Mwana Ngamiani
Yapo. Hayauzwi. Ijumaa jioni watu wanakuja kusikiliza taarabu, njoo na kahawa.

NaiSauti
Salamu kutoka Nairobi. Nimezunguka Luthuli Avenue nzima nikitafuta transfoma ya kutolea sauti, ile inayokaa kati ya valvu na spika, sijapata, nikaamua kutumia ya kawaida ya umeme, volti 230 kwa 9. Hesabu ni rahisi: 230 gawa kwa 9 ni 25.6, zidisha kwa yenyewe, zidisha kwa omu 8 za spika, unapata kama omu 5,200. Ndicho EL84 inachotaka.

Babu EL84
Hesabu sawa, chuma si sawa. EL84 ikiwa peke yake inapitisha mkondo wa moja kwa moja kwenye koili. Chuma cha transfoma ya umeme kimefumwa bila mwanya, kinashiba, besi inakufa.

NaiSauti
Najua, mzee wangu. Nilivitoa vibati vyote vya chuma, vya umbo la E nikavipanga upande mmoja, vya umbo la I upande mwingine, katikati nikaweka karatasi, nikakaza na fremu. Besi ilirudi siku hiyo hiyo.

Babu EL84
Basi wewe ni fundi. Nilifikiri umeichomeka ilivyo.

Kisauti
Karatasi ya unene gani?

NaiSauti
Ya daftari, moja, inapita juu ya miguu yote mitatu. Chukua transfoma ya VA 20 (kipimo cha nguvu yake) au zaidi, ndogo inachoka. Sauti kubwa ikikoroma chini, ongeza karatasi ya pili usikilize tena.

Babu EL84
Na usiwashe kamwe bila spika kuungwa. Volti kwenye koili zinapanda mpaka zinatoboa insulesheni.

Binti Mikindani
Kisauti, hiyo redio yako spika yake ni nzima? Sukuma koni taratibu kwa vidole viwili, pande zote sawa. Ikikwaruza, koili inagusa sumaku.

Kisauti
Nimesukuma. Haikwaruzi.