Tumepewa barua ya likizo bila malipo "hadi utakapoitwa", nisaini?

Fokker_Kulia:
Habari za jioni wadau. Mimi ni rubani msaidizi kwa kampuni ndogo ya mizigo hapa Nairobi, jina nitaliacha. Tuko marubani kumi na wanne na ndege tatu, zinazoruka ni mbili tu maana ya tatu ilitolewa injini ya kushoto mwaka jana ikavalishwa mwenzake na haijawahi kurudishiwa. Kazi yetu ni miraa ya Mogadishu na mzigo wa misaada Sudan Kusini, sasa tangu Marekani isimamishe misaada Januari 2025 huo wa Sudan umepungua hadi unaangalia rosta wiki nzima jina lako haliko.

Ijumaa tuliitwa tisa, mmoja mmoja. Unaingia unakuta barua mezani na kalamu imelazwa juu yake tayari. Mistari mitano. Unaenda likizo bila malipo kuanzia tarehe moja "hadi utakapoitwa", tarehe ya kurudi hakuna, na pale chini pa kusaini wameandika "nimekubali kwa hiari yangu". Nikamwambia yule mama wa HR wacha nikasome nyumbani, akasema sawa lakini Jumatatu saa nne iwe imerudi.

Kinachoninyima usingizi ni bondi. Walinilipia reting ya Fokker 50, yaani kibali cha kurusha aina hiyo ya ndege, nikasaini bondi ya kuwafanyia kazi miaka miwili bila kuhama na bado imebaki miezi kumi na minne, yaani kuhama siwezi na mshahara hakuna. Mzee wangu aliuza shamba Molo ndio nisomee hii kazi na bado hajui, nitamwambia nini? Alafu kati ya watano waliobaki kuna mmoja ameingia juzi tu, wa miaka sita ameachwa nje. Nisaini ama nisisaini? Na kuna mtu amewahi kupewa hii akaitwa kweli?

Kapteni_Langata:
Pole sana kijana wangu. Mimi nilipewa hiyo barua Machi 2020 Somalia ilipofunga anga. Miraa haingoji mtu, ikipita siku mbili hivi imekauka na hakuna anayeitaka, kwa hivyo kazi yetu ilikufa kwa siku moja. Tukaambiwa wiki mbili, tatu hivi, corona ikipungua mtaitwa. Soko la Mogadishu lilikuja kufunguliwa Julai 2022! Hesabu mwenyewe. Tulisaini wote bila kusoma maana tuliwaamini, wengine tulikuwa tumekula nao kwa miaka, na tulipoenda kudai tukaonyeshwa saini zetu.

Lakini sikiza, kosa lililoniumiza kuliko kusaini ni kwamba niliacha medikali, kile cheti cha afya cha rubani, ikaisha. Niliona pesa ya daktari ni afadhali iende kwa karo. Ikaja nafasi ya kurusha Caravan, ile ndege ndogo, hapo uwanja wa Wilson, jamaa amenipigia mwenyewe anataka mtu wa wiki hiyo hiyo, nikawa sina medikali, akachukua mwingine. Ile daraja la kwanza ni ya miezi kumi na miwili tu, na ukishapita miaka 60 ni miezi sita. Alafu kuna ile sheria ya siku 90, kama ndani yake hujapaa na kutua mara tatu hupangwi tena mpaka urudishwe kwa simuleta, ile mashine ya kuigiza kuruka, ama na mwalimu, na simuleta ya Fokker iko ng'ambo, hiyo ni gharama ambayo kampuni inayolia haina pesa haitakimbilia kuilipa. Kwa hivyo ukate nyama, ukate intaneti, lakini medikali uilipe. Mimi nilirudi hewani kupitia kufundisha kwa shule ya urubani, pesa kidogo sana lakini masaa ya kuruka yaliendelea kuingia kwa logibuku.

Mtetezi_Viwandani:
Usisaini hayo maneno ya hiari ndugu. Nimefanya mambo ya wafanyakazi miaka mingi na hii barua naijua, ni kupunguza watu kwa mlango wa nyuma ndio wasilipe. Sheria ya Ajira ya 2007 haina kitu kinaitwa likizo bila malipo ya mwajiri kujiamulia peke yake. Akitaka kubadilisha mkataba wako lazima mshauriane na iandikwe. Na kama kazi imeisha kweli basi kuna kifungu cha 40: notisi ya mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi kama uko kwa chama, kama hauko basi kwako wewe mwenyewe kwa maandishi, na ofisa wa leba naye ajulishwe. Akichagua wa kwenda aangalie muda mtu amekaa, ujuzi, uwezo na uaminifu wake. Sasa huyo aliyeingia juzi waeleze alichaguliwa vipi. Siku zako za likizo zilipwe pesa, na kila mwaka uliomaliza ulipwe siku zisizopungua 15. Ukisaini kwa hiari hayo yote unaanza kuyapigania kutoka chini.

Jumatatu andika kwa mkono wako "nimepokea, sijakubali", weka tarehe, dai nakala. Hapo hapo uliza kwa maandishi: mwisho wa likizo ni lini, na kama bondi inaendelea kuhesabika ama wanakuachilia. Hawawezi kukufunga na wasikulishe.

Fundi_Hangari:
Mkuu nenda hangari uangalie mafundi wanafanya nini. Kama injini zinawashwa kila wiki hiyo kampuni inangoja kazi. Ukiona wameziba matundu yote na kuweka vile vifuko vya kunyonya unyevu ndani, hiyo ndege imelazwa miezi, usijidanganye.

Mama_Pacha_Syokimau:
Bwanangu ni rubani, tumepitia hii. Angalia SHA, ile bima ya afya ya serikali, mapema, ukitoka kwa peyrol ile 2.75% haikatwi tena na unageuka wa kujilipia, na hapo unalipa ya mwaka mzima kwa mpigo. Sisi tuligundua tukiwa kwa kaunta ya hospitali na mtoto ana homa. Na mwambie mzee leo. Wangu alikaa miezi miwili anavaa yunifomu asubuhi anaenda kukaa kwa gari hapo Uhuru Gardens ndio babake asijue, na hiyo ilimmaliza kuliko pesa.

Fokker_Kulia:
Asanteni sana, sikutarajia. Nimetoka huko saa hii. Nimeandika "nimepokea, sijakubali", mama wa HR akaangalia akatoka nayo nje dakika kama kumi, akarudi na nakala imepigwa muhuri, hakusema kitu. Bondi wamesema wataongea na wakili. Wenzangu wanne nao wamekataa kusaini, wengine walikuwa wameshasaini Ijumaa, na tumekubaliana kwenda kwa ofisa wa leba pamoja Jumatano. Nimepita hangari pia. Moja imezibwa, vifuko viko ndani. Ile nyingine walikuwa wanapakia miraa ya saa nane.

Medikali yangu inaisha mwezi ujao, nimeshaweka siku, ni Alhamisi. Mzee nitampigia usiku akitoka kanisani.