Naomba ushauri: nihamie Divisheni ya Kwanza au nibaki nilipo?

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo yenu, hasa mnaofanya kazi za michezo vyuoni hapa Marekani.

Mimi ni kocha wa warushaji wa besiboli katika chuo kidogo cha Divisheni ya Tatu, Ohio. Mshahara si mkubwa ila ni wa uhakika, bima ya afya ipo, na vijana nimewalea tangu mwaka wao wa kwanza. Kuna mmoja anarudi baada ya upasuaji wa kiwiko. Kila jioni tunahesabu mitupo yake pamoja. Akisema kiwiko kinavuta, tunaacha hapo hapo. Kumwacha huyu kunaniuma kweli.

Sasa chuo kimoja cha Divisheni ya Kwanza kinanitaka. Ni ile nafasi ya msaidizi ambayo zamani ilikuwa ya kujitolea, kabla NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo hapa) haijafuta utaratibu huo wa kujitolea Julai 2023, na sasa ina mshahara. Shida ni kwamba mkataba ni wa mwaka mmoja, na kwenye kazi hii kocha mkuu akitimuliwa, mara nyingi wasaidizi wanaondoka naye. Wa kule ana misimu mibaya mfululizo. Nimeomba miaka miwili, wamekataa. Bosi wangu ananiambia niende, mke wangu anasita kwa sababu ya shule za watoto.

Naomba kujua: naweza kudai kifungu gani kinilinde kocha mkuu akiondolewa? Na aliyewahi kupoteza kazi huko juu, kurudi vyuo vidogo kulikuwaje?

Asanteni sana.